Kutyuni injini ya Triumph 650: kusawazisha silinda mbili kabla ya kuongeza nguvu

Wengi wanaopata Triumph Bonneville ya zamani huanza kwa kununua vitu: pistoni za kompresheni kubwa, kamshafti ya mashindano, kabureta pana. Pikipiki inarudi barabarani na kelele zaidi, inatetemeka hadi mikono inakufa ganzi, na ikikutana na nyingine ya kawaida iliyofungwa na fundi makini, inaachwa. Injini hii ina silinda mbili, na nguvu zake hupotea pale silinda hizo zinapofanya kazi tofauti: moja inawaka mapema, nyingine inachelewa, moja inapata mafuta mengi, nyingine inabaki na kiu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwa kuzifanya silinda zote mbili zifanane. Kuongeza chochote kunakuja mwishoni.

Injini ninayoishughulikia hapa ni Triumph ya 649 cc iliyotengenezwa Meriden, karibu na Coventry, Uingereza, kuanzia 1963 hadi miaka ya mwanzo ya 1970: Bonneville T120 yenye kabureta mbili, na ndugu yake TR6 yenye kabureta moja. Mzizi wake ni Speed Twin ya 498 cc ambayo Edward Turner aliitoa mwaka 1937. Mwaka 1949 ikakua kuwa Thunderbird ya 649 cc, mwaka 1959 ikaja Bonneville, na mwaka 1963 injini na giaboksi zikawekwa ndani ya kasha moja. Kipenyo cha silinda ni 71 mm, safari ya pistoni 82 mm. Bonneville ya kwanza ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 46 kwa mizunguko 6,500 kwa dakika.

Pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja, ila zinawaka kwa zamu, moja katika kila mzunguko wa krenki, yaani shafti inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Krenki yenyewe imeshikwa na beringi mbili tu, moja kila upande, katikati hakuna kitu. Shika hilo kichwani, kwa sababu ndilo linaloamua mwisho wa kila ndoto ya kuongeza nguvu. Injini hii lakini si dhaifu. Mwaka 1969 Malcolm Uphill alizunguka barabara ya Isle of Man kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa akiwa juu ya Bonneville, katika mbio za pikipiki za kawaida za dukani, na mwaka huohuo yeye na Percy Tait walishinda mbio za maili 500 za Thruxton.

Ukiwa na pikipiki nyingine ya Kiingereza ya silinda mbili, kama Norton Commando au BSA A65, mpangilio wa kazi ni huuhuu. Vipimo ndivyo vinavyobadilika, kwa hiyo tafuta kitabu cha kiwanda cha mashine yako.

Hatua ya 1: Pima kabla hujafungua hata nati moja

Pasha injini moto kwa kuiendesha, kisha toa plagi zote mbili. Weka geji ya kompresheni upande mmoja, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki mpaka sindano isipande tena. Rudia upande wa pili. Namba yenyewe hubadilika kulingana na pistoni, geji na nguvu ya mguu wako, hivyo usiisumbukie sana. Angalia tofauti. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, hakuna kabureta itakayokusaidia mpaka ujue hewa inatokea wapi.

Kulijua hilo, peleka pistoni kwenye kilele cha kompresheni, tia gia ya juu na ukanyage breki ya nyuma ili krenki isizunguke, kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Sikiliza. Hewa ikilia kwenye mdomo wa kabureta, vali ya kuingiza inavuja. Ikilia kwenye eksozi, ni vali ya kutoa. Ukifungua kifuniko cha tangi la oili ukaisikia humo, au ikitoka kwenye bomba la kupumua la injini, ringi zimechoka au silinda imelika. Kila fundi wa injini hizi angepaswa kuanza na kipimo hiki, maana kinakuonyesha mahali penyewe bila kufungua kitu.

Nunua daftari na uandike: kompresheni ya kushoto na kulia, rangi ya plagi kila upande, jeti zilizomo (vitundu vinavyopima mafuta ndani ya kabureta), taimingi uliyoikuta (wakati cheche inapopigwa). Kuanzia hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati, jaribu kwenye barabara ileile, andika. Ukibadilisha jeti na taimingi siku moja, pikipiki ikienda vizuri hutajua ushukuru kipi, na ikienda vibaya hutajua urudishe kipi.

Hatua ya 2: Krenki na oili

Hapa ndipo injini nyingi hunokia, na ndipo watu wanapopita haraka kwa sababu hapaonekani. Ndani ya krenki ya Triumph kuna bomba dogo linalokaa kwenye njia ya oili inayoelekea kwenye beringi za konrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na krenki. Krenki ikizunguka, uchafu mzito hutupwa kwenye kuta za bomba hilo na kuganda humo, na oili safi huendelea mbele. Ni mpango mzuri kwa mashine ambayo ilitoka kiwandani na vichujio vya waya tu. Tatizo ni kwamba bomba linajaa. Likijaa, oili haifiki kwenye konrodi, na injini inanoki ghafla ukiwa kwenye mwendo.

Kama humjui fundi aliyeifungua mara ya mwisho, ifungue. Bomba limezibwa kwa plagi ya skrubu ubavuni mwa krenki, na kiwandani waligonga alama ya ponchi pembeni mwa plagi hiyo ili isilegee. Toboa alama hiyo kwanza kwa biti ndogo, pasha moto sehemu hiyo, ndipo ufungue kwa bisibisi ya kugonga inayojaa mfereji wote. Kabla ya kuvuta bomba, toa boliti ya fliwili inayopita ndani yake. Usipoitoa, utavuta hadi kesho. Utakachokuta humo ni tope jeusi gumu lililochanganyika na vumbi la chuma. Safisha bomba, safisha mashimo yote ya krenki kwa waya na mafuta ya taa, pitisha hewa, halafu pitisha tena. Wakati wa kurudisha, hakikisha tundu la bomba linaelekeana na boliti, paka gundi ya uzi, gonga ponchi upya.

Oili huingia kwenye krenki kupitia sili iliyomo kwenye kifuniko cha taimingi upande wa kulia. Sili hiyo ikichoka au ikiwekwa kinyume, presha yote inapotelea hapo na pampu inasingiziwa. Badilisha kila unapofungua kifuniko. Injini nzima yenye moto inapaswa kuonyesha presha ya kati ya 65 na 80 psi ikiwa mwendoni, na 20 hadi 25 ikinguruma taratibu. Funga geji ya kudumu kama unaweza. Funga pia filta ya oili ya kisasa kwenye bomba la kurudi tangini, na usiweke filta kwenye bomba la kwenda kwenye pampu, kwa sababu pampu hii ya pistoni hunyonya kwa uvutano mdogo na kizuizi chochote kinaweza kuinyima oili.

Ukiwa umetoa konrodi, zipime uzito, jumla na kila ncha peke yake, na uziweke sawa. Pistoni nazo, pamoja na pini na ringi zake, zilingane kwa gramu moja. Ukibadilisha pistoni kwa nyingine zenye uzito tofauti na za mwanzo, krenki lazima ipelekwe kubalansi upya. Mtetemo unaowachosha wenye pikipiki hizi kwa kiasi fulani uko kwenye mpangilio wenyewe wa pistoni zinazopanda pamoja, lakini sehemu kubwa ya ule usiovumilika umeletwa na watu walioweka pistoni nzito bila kugusa krenki.

Hatua ya 3: Silinda, pistoni na ringi

Pima silinda juu, katikati na chini, kwenda mbele-nyuma na kushoto-kulia. Ikiwa imelika, chonga zote mbili kwa saizi moja, kamwe usichonge moja. Nafasi kati ya pistoni na silinda ifuate mtengenezaji wa pistoni uliyonunua, kwa sababu aloi hutofautiana katika kutanuka. Sukuma kila ringi ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila (vibamba vya kupimia mianya): kati ya 0.25 na 0.35 mm. Ukiwa mdogo zaidi, ncha zitagusana injini ikipata moto, na ringi itachana ukuta.

Hatua ya 4: Hedi

Hedi ndiyo sehemu ambayo kazi ya mikono inalipa zaidi kuliko pesa. Badilisha bushi zinazoongoza vali zikiwa zimelegea, kwa sababu vali inayocheza haiwezi kukaa kwenye siti vizuri hata uisage wiki nzima. Kata siti kwa nyuzi 45, saga vali taratibu, halafu geuza hedi, weka plagi, mimina petroli kwenye chumba cha mwako na usubiri. Tone likionekana kwenye mlango wa kuingiza au wa kutoa, rudia.

Kuhusu kupanua njia za hewa nina msimamo: usipanue. Njia za Bonneville ni pana vya kutosha kwa barabara. Ukizipanua, hewa inapungua kasi, silinda inajaa vibaya kwenye mizunguko ya chini na ya kati, yaani palepale unapoendeshea kila siku. Unachotakiwa kufanya ni kuondoa ngazi. Funga adapta ya kabureta bila gasketi, ingiza kidole, sikia pale ambapo kingo mbili hazilingani. Laini kingo hizo. Fanya vivyo hivyo nyuma ya siti ya vali, ambapo mashine ya kiwanda iliacha mdomo mkali. Kisha linganisha kushoto na kulia, kwa macho na kwa kidole, mpaka usiweze kutofautisha.

Wakati wa kufunga, pushirodi (fimbo zinazopeleka msukumo wa kamshafti hadi kwenye vali) hupita ndani ya mabomba mawili ya kromu yenye sili juu na chini. Sili zikiwa nene mno, hedi inakaa juu ya sili badala ya kukaa juu ya gasketi, na gasketi itaungua hata ukaze vipi. Zikiwa nyembamba, oili itavuja. Kwa hiyo weka gasketi, mabomba na sili, kalisha hedi bila kukaza, na pima kwa fila mwanya uliobaki kati ya hedi na gasketi. Kati ya 0.75 na 1 mm panafaa. Pakizidi, tafuta sili nyembamba zaidi; wauzaji wa vipuri wana unene tofauti. Gasketi ya shaba inaweza kutumika tena ukiipasha mpaka iwe nyekundu na kuitumbukiza majini, maana shaba hulainika kwa njia hiyo.

Boliti za hedi ni tisa kwenye 650 hizi. Kaza kwa spana ya tokyu kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu cha mwaka wa mashine yako.

Tepeti, yaani mwanya unaoachwa juu ya kila vali, hurekebishwa injini ikiwa baridi kabisa: vali ya kuingiza 0.05 mm, ya kutoa 0.10 mm. Vipimo hivi ni vya T120 na TR6. Triumph ya 750 iliyofuata, T140, ni 0.20 kwa kuingiza na 0.15 kwa kutoa, na kuzichanganya kunaua vali. Toa plagi, tia gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma. Vali ya kuingiza ya kushoto ikifika chini kabisa, ile ya kulia iko kwenye mgongo wa mviringo wa kamu (nundu ya kamshafti inayofungua vali), yaani imefungwa kabisa. Rekebisha ya kulia. Kisha geuza zamu. Vali za kutoa nazo vivyo hivyo. Kwa njia hii huhitaji kutafuta kilele chochote, na makosa ni machache.

Hatua ya 5: Moto

Kama una pesa ya jambo moja tu, itumie hapa.

Taimingi ya T120 na TR6 ni nyuzi 38 za mzunguko wa krenki kabla pistoni haijafika kilele, ikipimwa pale moto unapokuwa umesogezwa mbele mpaka mwisho. Ni nyingi ukilinganisha na Commando inayotumia nyuzi 28, na kuna sababu. Chumba cha mwako cha Triumph ni nusu duara, na pistoni ina kichwa kilichobinuka kinachopanda ndani ya nusu duara hiyo. Moto unaoanzia kwenye plagi, upande mmoja, lazima ukizunguke kichwa hicho kabla ya kufika upande wa pili. Safari ni ndefu, kwa hiyo lazima uanze mapema.

Kwanza tafuta kilele cha kweli. Tengeneza kizuizi kutoka kwenye plagi mbovu: toa kauri, funga boliti yenye kichwa cha mviringo, ifunge kwenye tundu la plagi. Funga diski ya nyuzi kwenye krenki. Zungusha mbele taratibu mpaka pistoni iguse kizuizi, soma. Zungusha nyuma mpaka iguse tena, soma. Katikati ya namba hizo mbili ndipo kilele kilipo. Ukilazimika kufunga diski kwenye ncha ya kamshafti ya kutoa, zinakokaa pointi (swichi zinazokata umeme ili cheche ipigwe), kumbuka kamshafti inakwenda nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo nyuzi 38 zitasomeka 19.

Kwenye mashine za 1968 na kuendelea kuna kidirisha kwenye kifuniko cha kushoto, chenye mshale na alama juu ya rota, sumaku ya jenereta iliyo kwenye ncha ya krenki. Usiuamini mshale huo kabla hujaukagua kwa diski. Zaidi ya hayo, kitovu cha chuma cha rota hulegea kikizeeka, na rota inateleza juu yake, alama nayo inahama.

Kwa pointi, mwanya ni 0.38 mm zikiwa wazi kabisa. Weka silinda moja kwa taa ya taimingi, kisha ya pili peke yake. Kwenye pleti za zamani, kabla ya 1968, hukuwa na njia nzuri ya kurekebisha kila silinda kivyake, mafundi wakalazimika kuchezea mwanya wa pointi ili kupata nyuzi. Pleti ya 6CA ya Lucas iliyofuata inaruhusu kila pointi isogezwe peke yake, na inaingia kwenye injini za mwanzo pia. Kagua vizito vinavyosogeza moto mbele: chemchemi zikilegea, taimingi inatangatanga na injini haitulii ikinguruma.

Mimi napendelea moto wa kielektroniki, wa aina ya Boyer Bransden, Pazon au Tri-Spark. Pointi zikiwekwa vizuri zinafanya kazi, lakini hizi za kielektroniki zinapiga cheche kwenye plagi zote mbili kwa wakati mmoja, mara moja kila mzunguko, kwa hiyo tofauti ya taimingi kati ya kushoto na kulia inapungua hadi karibu kuisha. Ni usawa uleule tunaoutafuta. Jihadhari na mambo mawili. Pikipiki hizi zina upande chanya wa betri kwenye bodi; ukifunga kinyume, unaunguza kisanduku kwa sekunde moja. Na betri iliyochoka huvuruga taimingi ya baadhi ya seti hizi, hasa za Boyer za zamani, kabla hujaona taa ikififia. Weka taimingi kwa taa ukiwa kwenye resi ya juu kama maelekezo ya seti yanavyosema, plagi zote mbili zikiangaliwa.

Hatua ya 6: Kabureta

Amal Concentric ya 30 mm, iliyoanza kwenye Bonneville mwaka 1967, ni kabureta rahisi na nzuri ikiwa haijalika. Vuta slaidi (kipande kinachopanda na kushuka unapovuta mkono), ichezeshe ndani ya bodi. Ikigongana huku na huku, hewa inapita pembeni na hutaweza kutuliza mngurumo. Weka rula juu ya uso wa flenji: watu hukaza nati kupita kiasi na kuupinda, kisha hewa inaingia. Kaza taratibu, pete ya mpira ikishaminywa inatosha.

Ndani ya njia ya mngurumo, inayolisha injini mkono ukiwa umeachiwa, nyuma ya skrubu ya hewa, kuna jeti ndogo iliyogongelewa ambayo haionekani. Tundu lake ni takriban 0.4 mm. Mafuta yakikauka humo, silinda moja inakufa kila unapoachia mkono. Safisha kwa biti ya ukubwa huo iliyoshikwa kwa vidole, ingiza taratibu mpaka uisikie inapenya. Kupuliza hewa peke yake hakutoshi. Hewa hupita njia nyingine na kukudanganya.

Kusawazisha kabureta mbili:

Kaza skrubu za hewa mpaka mwisho bila nguvu, kisha zilegeze duara moja na nusu kila upande. Legeza skrubu za slaidi kabisa. Chukua biti mbili za saizi moja, weka moja chini ya kila slaidi, na rekebisha kebo mpaka zote mbili zilegee kwa wakati mmoja unapovuta mkono. Washa, ipashe moto, halafu toa waya wa plagi moja, ukiuegesha kwenye chuma ili koili isiumie. Rekebisha silinda inayofanya kazi mpaka ingurume taratibu peke yake. Rudia upande wa pili, ulenge mwendo uleule. Ukirudisha nyaya zote, mngurumo utapanda. Shusha skrubu zote mbili kwa kiasi sawa. Mwishowe weka mikono kwenye ncha za sailensa zote mbili, bila kugusa chuma, na usikie pumzi ya kila upande ukivuta mkono kidogo. Zianze kupanda pamoja.

Kwa mpangilio wa jeti, anza na jeti kuu ya 190, sindano kwenye mfereji wa katikati, slaidi namba 3. Weka alama za tepu kwenye mkono wa mafuta: robo, nusu, robo tatu, mwisho. Jeti kuu inatawala kutoka robo tatu kwenda juu. Tafuta hiyo kwanza. Panda kilima kirefu mkono ukiwa wazi, bana klachi na uzime injini papohapo, egesha, toa plagi. Nyeupe yenye vitone ni hatari, ongeza jeti mara moja. Nyeusi yenye masizi, punguza. Kahawia ya ngano ndiyo unayoitaka, na iwe sawa pande zote mbili. Baada ya jeti kuu, shuka kwenye njia ya mngurumo, kisha slaidi, mwisho sindano.

Msomaji wa Nairobi, Arusha au Mbeya asikariri namba za Meriden. Kwenye kimo cha mita 1,700, hewa ni nyepesi na mchanganyiko uleule unakuwa mzito, hivyo jeti kuu huenda ikashuka saizi moja au mbili. Ukishuka Mombasa au Dar es Salaam na jeti hiyo ndogo, irudishe kubwa kabla ya safari, kwa sababu mchanganyiko mwembamba kwenye joto la pwani hutoboa pistoni.

Na kama unaendesha barabarani tu, kabureta moja ya TR6 inakupa karibu kila kitu inachokupa Bonneville, kasoro kidogo juu kabisa. Haiwezi kupoteza usawa na jirani yake kwa sababu haina jirani.

Hatua ya 7: Eksozi

Fupi. Mwaka 1969 Bonneville ilipewa bomba linalounganisha eksozi mbili karibu na hedi. Lihifadhi, au liongeze. Linapunguza kelele na linasaidia katikati ya mizunguko. Tarumbeta wazi zinazopendwa kwenye picha hupoteza nguvu za katikati na kukulazimisha kuongeza jeti bila faida yoyote barabarani.

Hatua ya 8: Sasa, kama bado unataka zaidi

Endesha kwanza pikipiki iliyofungwa hivi. Wengi huishia hapa wenyewe.

Ukiendelea, pima kompresheni uliyo nayo. Silinda moja ni 324.5 cc. Kwa uwiano wa 9 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni kwenye kilele ni 324.5 gawanya kwa 8, yaani cc 40.6. Kwa 8.5 kwa 1 ni cc 43.3. Inamisha injini ili tundu la plagi liwe juu kabisa, pistoni ikiwa kwenye kilele na vali zimefungwa, kisha jaza oili nyepesi kwa bomba la sindano la hospitali mpaka ifike chini ya uzi wa plagi. Soma kiasi. Rudia upande wa pili. Tofauti ya cc moja inasumbua. Ondoa kwa kusaga kidogo chumba kilicho kidogo. Kwa petroli ya kituo, nisingevuka 9 kwa 1. Kichwa cha pistoni kikirefuka zaidi, moto unazungushwa zaidi, injini inaanza kugonga, na kile ulichotafuta kinapotea kwa kurudisha taimingi nyuma.

Halafu kuna krenki. Mwaka 1972 Norton ilitoa Commando yenye injini iliyoitwa Combat: kompresheni 10 kwa 1, kamu kali, farasi 65. Krenki ilijipinda chini ya mzigo, kingo za rola zikachimba kwenye njia zake, beringi kuu zikafa mapema. Suluhisho lilikuwa beringi za Superblend, ambazo rola zake zimepunguzwa kidogo kwenye ncha ili zivumilie kujipinda huko. Triumph nayo imeshikwa na beringi mbili. Kila farasi unayemwongeza juu anasukuma chuma hichohicho chini. Kwa seti za kuongeza ukubwa hadi takriban 750, kama zile za Morgo, weka mipaka ya mizunguko chini zaidi kuliko ulivyozoea.

Kamshafti mpya isifungwe kwa kuangalia alama za gia peke yake. Gia ya kamu ya Triumph ina njia tatu za ufunguo, zilizowekwa hivyo ili uweze kusogeza kamu kwa sehemu ya jino. Tumia diski na dayal geji. Tuseme vali ya kuingiza inafunguka nyuzi 34 kabla ya kilele na kufungwa nyuzi 55 baada ya pistoni kufika chini. Jumla ni 34 + 180 + 55, yaani 269. Nusu yake ni 134.5, toa 34, unapata 100.5. Hapo ndipo kilele cha kamu kilipo, nyuzi 100.5 baada ya pistoni kufika juu. Linganisha na karatasi ya mtengenezaji, jaribu njia ya pili ya ufunguo, ya tatu, chukua iliyo karibu. Kisha bandika udongo wa kuchezea wa watoto juu ya pistoni, funga hedi, zungusha kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata udongo na upime sehemu nyembamba. Chini ya 1.5 mm, usiwashe.

Hatua ya 9: Breki, kisha majaribio

Bonneville za kabla ya 1968 zina breki ya mbele dhaifu. Ile ya 1968, yenye viatu viwili vinavyoongoza, ni nafuu kubwa na inastahili kutangulia kamshafti yoyote kwenye orodha yako. Kagua cheni na klachi pia.

Safari za kwanza ziwe fupi, zenye mizigo midogo na mkono unaobadilika. Usikae kwenye mwendo mmoja. Baada ya safari ya kwanza yenye moto kamili, iache ipoe usiku kucha, kaza hedi tena kwa tokyu, kisha rekebisha tepeti upya kwa sababu kukaza hedi kunazibadilisha. Mwaga oili baada ya kilomita 150 hadi 200 na uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Rudia geji ya kompresheni pande zote mbili na uandike namba chini ya zile za siku ya kwanza.